Mkono ukitetemeka juu ya kitabu cha risiti: namna ya kuutibu na kuendelea kuandika

Mimi ni katibu wa chama cha kuweka na kukopa cha akina mama wa sokoni hapa Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ni kalamu kutwa: vitabu vya wanachama vyenye visanduku vyembamba, risiti za karatasi ya kaboni, muhtasari wa vikao. Na mikono yangu inatetemeka. Baba yangu, aliyekuwa polisi, naye alikuwa hivyo hivyo. Alipojaza kitabu cha matukio kituoni wenzake walidhani ni waragi ya jana, na marehemu hakuwahi kuonja pombe.

Wako watakaokuambia umerogwa, wako watakaosema ni uzee. Waache. Kutetemeka mikono kuna sababu nyingi na kila sababu ina njia yake, kwa hiyo usianze na dawa. Anza kwa kujua mkono wako unatetemeka lini.

Jipime mwenyewe kabla ya kwenda kwa daktari

Chukua karatasi safi isiyo na mistari. Kaa mezani, shika kalamu, chora konokono: anzia katikati, zungusha mstari ukitoka nje, mizunguko minne mitano, bila kiwiko wala kiganja kugusa meza. Fanya kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Chini yake andika sentensi moja ndefu na utie sahihi. Andika tarehe, saa, na ulichokunywa asubuhi hiyo. Karatasi hiyo utaibeba kwa daktari. Rudia siku nyingine, saa nyingine, maana mtetemeko haufanani asubuhi na jioni.

Halafu weka mikono mapajani, tulia kabisa, umwombe mtu akutazame vidole huku ukihesabu kwa sauti kutoka 100 kurudi nyuma. Mwisho nyoosha mikono mbele, kisha mimina maji kutoka kikombe kimoja kwenda kingine.

Kama mikono imetulia mapajani lakini inacheza unapoinyoosha, unapomimina maji na unapoandika, na konokono wako ana meno meno kwenye karatasi zote mbili, huenda ni ule ambao madaktari wanauita esenshali trema. Mimi nitauita mtetemeko wa kutenda. Huu ndio wangu. Unashika mikono yote miwili, mara nyingine kichwa na sauti pia, na mara nyingi uko katika ukoo. Unaweza kuanza ujanani au baada ya miaka 60. Hauui, ila unaweza kukua polepole mwaka hadi mwaka. Maandishi yake huwa makubwa na ya kuparuza.

Kama mkono unatetemeka ukiwa umepumzika mapajani, tena upande mmoja zaidi, na herufi zinaanza vizuri mwanzo wa mstari kisha zinazidi kuwa ndogo na kubanana, na mwili umekuwa mzito, hatua fupi, mkono mmoja hauyumbi unapotembea, mwambie daktari waziwazi kwamba unahofia ugonjwa wa Parkinson. Umepewa jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817, na dawa zake ni tofauti kabisa na hizi nitakazozitaja.

Wa tatu ni ule unaokuja kwa kuandika tu. Kijiko unashika vizuri, ufunguo unaingia, lakini ukigusa kalamu vidole vinaibana vyenyewe, kifundo kinajikunja, mkono mzima unauma. Hapo misuli ndiyo inayopokea amri zilizovurugika kutoka kwenye ubongo. Vidonge vya mtetemeko wa kutenda havisaidii sana hapa. Wataalamu hutumia sindano ya botulinamu, dawa ya kulegeza misuli iliyobana, kwenye misuli yenyewe, pamoja na kufundishwa upya namna ya kushika kalamu.

Na kuna jambo lisilongoja vipimo vya nyumbani. Kutetemeka au kulegea kulikoanza ghafla, pamoja na uso kwenda upande, maneno kukwama, au mkono mmoja kukosa nguvu, hilo ni la boda na hospitali saa hiyo hiyo.

Vitu vinavyoutia nguvu

Hapa ndipo watu wengi wanapopata nafuu bila kumeza chochote kipya, kwa hiyo nenda polepole.

Angalia dawa ulizo nazo ndani. Salbutamo ya pumu, ya kunusa au ya vidonge, hutetemesha mikono hata ya mtu mwenye afya. Sodiamu valproeti, ambayo wengi wanaimeza kwa kifafa, hufanya hivyo pia, na vilevile litiamu, amitriptilini na dawa za jamii ya prednisoloni. Haloperido ya wagonjwa wa akili na metoklopramaidi ya kuzuia kutapika zinaweza kuleta kutetemeka na kukakamaa kunakofanana na Parkinson. Usiache dawa kwa sababu umesoma jina lake hapa. Mtu wa kifafa akiacha valproeti ghafla anaweza kuanguka. Kusanya pakiti zote mfukoni, hata ile uliyopewa na jirani, upeleke kwa aliyekuandikia umuulize kama kuna mbadala au kipimo kidogo zaidi.

Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi hutetemesha vidole, tena kwa mtetemeko mwembamba wa haraka. Utaijua kwa mengine yanayoambatana nayo: unakonda na huku unakula, moyo unakimbia, joto halikuachi, unatoka jasho, macho yanatokeza. Hiyo inatibika, na ikitibiwa mikono nayo hutulia. Sukari ikishuka mwilini pia mikono hutetemeka. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kahawa sina ugomvi nayo, na hapa tunapata ile ya Mlima Elgon, lakini siku ya kufunga hesabu sinywi. Vinywaji vya chupa vya kuongeza nguvu ni vibaya zaidi, na mairungi (miraa) usiseme. Usingizi mfupi na chai ya rangi bila kitu tumboni vinafanya kazi ile ile.

Pombe ni jambo la peke yake. Ni kweli kwamba waragi kidogo hutuliza mtetemeko wa kutenda kwa saa chache, na ndiyo maana inateka watu. Ikishatoka mwilini, mikono hutetemeka kuliko mwanzo. Na yule ambaye amezoea kunywa kila siku, anatetemeka asubuhi mpaka aonje, asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani, kwa sababu anaweza kupata degedege. Aende hospitali aachishwe kwa uangalizi.

Kwa daktari

Vituo vya serikali vya Uganda viliacha kutoza ada ya matibabu mwaka 2001, kwa hiyo kumwona mtaalamu wa kwanza hakuhitaji uuze kuku. Kinachogharimu ni dawa zikiwa zimeisha na vipimo ukiambiwa ukafanye nje. Nenda kituo cha afya cha ngazi ya nne, ambacho kinatakiwa kuwa na daktari, au hospitali ya wilaya. Sisi wa huku tuna Masafu. Wakishindwa watakuandikia barua kwenda hospitali ya rufaa, kwetu ni Mbale, na kutoka huko Mulago, hospitali ya rufaa ya taifa iliyoko Kampala. Mabingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache nchini na wengi wako Kampala, kwa hiyo usianze safari ya Mulago kabla ya kumaliza yanayowezekana karibu.

Nenda na karatasi za konokono, pakiti za dawa, na video fupi ya simu ikikuonyesha ukiandika. Mikono ina tabia ya kutulia mbele ya daktari, au kuchachamaa kwa woga. Sema nani katika ukoo anatetemeka. Omba upimwe presha na mapigo ya moyo, sukari, kazi ya tezi ya shingo, ini na figo. Kama una umri chini ya miaka 40, uliza pia kuhusu ugonjwa wa Wilson, ambapo madini ya shaba hujaa mwilini. Ni adimu, lakini una tiba, na ukiachwa unaharibu ini na ubongo.

Usikubali jibu la "ni mawazo tu" mpaka umeguswa mikono, umetembezwa, na umeandikishwa.

Kidonge

Kwa mtetemeko wa kutenda dawa ya kwanza ni propranololi. Ilitoka Uingereza miaka ya 1960, kwenye kundi la James Black, ikikusudiwa moyo, naye Black akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Inazuia adrenalini isiichokoze misuli. Haiponyi, inapunguza. Wengine hupata nafuu kubwa, wengine kidogo, wengine hakuna. Uzuri wake ni wa zamani na si wa bei kali.

Ubaya wake ni kwamba duka la dawa lolote linaweza kukuuzia bila kukuuliza swali, na maswali yapo. Una pumu? Usiimeze, inaweza kubana kifua vibaya, na tena inapambana na salbutamo unayoitegemea. Mapigo ya moyo wako yako chini ya 60 kwa dakika, au una presha ya kushuka, au moyo dhaifu? Mwambie daktari kwanza. Una kisukari cha kuchoma insulini? Inaficha dalili za sukari kushuka, ukashtukia umeanguka. Una mimba? Uliza kabla.

Madaktari wengi huanza na kidogo, miligramu 10 hadi 40 kwa mara moja, mara mbili au tatu kwa siku, kisha huongeza taratibu. Watu wazima wengi hukaa kati ya miligramu 80 na 160 kwa siku. Utaweza kuhisi uchovu, baridi ya vidole, ndoto za ajabu, au kizunguzungu ukisimama haraka. Ukiwa umeimeza kwa majuma usiiache siku moja. Ipunguze kama ulivyoipandisha, kwa kuelekezwa.

Kuna njia ambayo mimi naipenda zaidi, na daktari wangu aliikubali: kumeza dozi moja ndogo kama saa moja kabla ya kazi ya kuandika, badala ya kila siku. Inamfaa mtu ambaye mkono humsumbua siku za mkutano mkuu na siku za benki tu. Jaribio la kwanza lifanye ukiwa nyumbani siku ya mapumziko, uone mwili unavyoipokea.

Propranololi ikishindwa au ikikatazwa, kuna primidoni, dawa ya kifafa inayosaidia mtetemeko pia. Huanzishwa kwa kiasi kidogo sana usiku, kwa sababu dozi za mwanzo hulevya. Topirameti ni nyingine. Hizo zote ni za kuandikiwa na daktari.

Upasuaji upo. Mwaka 1987 huko Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid na wenzake walianza kutuliza mitetemeko kwa waya wa umeme ndani ya ubongo, na mwaka 2016 Marekani ikaidhinisha mawimbi ya sauti yanayochoma sehemu ndogo ya ubongo bila kupasua kichwa. Ni vizuri kujua. Kwa mtu wa kipato cha Busia, turudi kwenye kalamu.

Kalamu, meza na mkono

Kalamu nyembamba ya Bic ni adui. Kadiri kitu kilivyo chembamba ndivyo vidole vinavyobana, na kubana ndiko kunakoongeza kutetemeka. Inenepeshe. Chukua kandambili iliyokatika, ile ya soli laini nene. Kata kipande kirefu cha sentimita nane hivi, upana wa vidole viwili. Pasha moto spoku ya baiskeli, toboa katikati kwa urefu, tundu liwe jembamba kuliko kalamu ili liishike. Sukuma kalamu mpaka ncha itokeze sentimita tatu. Punguza pembe kwa wembe hadi iwe duara ya kukaa mkononi. Ukikosa kandambili, mwombe fundi baiskeli ukanda wa tyubu iliyochakaa, uuzungushe kalamu huku unauvuta.

Wengine wanasaidika na uzito. Vesha nati mbili tatu kwenye kalamu, karibu na vidole, ndipo uzungushe tyubu juu yake. Kwangu uzito ulinichosha, nikautoa. Kwa mwanachama wetu mmoja muuza omena umefanya kazi vizuri. Jaribu uone.

Shika kwa kupitisha kalamu kati ya kidole cha shahada na cha kati, kidole gumba kikiigusa tu kwa chini. Siku za kwanza maandishi yatakuwa ya mtoto. Vumilia, kwa sababu mshiko huo hauna nguvu ya kubana, na hicho ndicho tunachotaka.

Kisha meza. Mkono wote kutoka kiwikoni hadi kwenye kiganja ulale mezani, kiwiko kisining'inie. Meza ya chini inakuinamisha na kuning'iniza bega, kwa hiyo inyanyue kwa matofali au ukae kiti kifupi. Miguu yote miwili iguse sakafu. Geuza karatasi kidogo, mkono wa pili uishike, na mkono ukichachamaa sana tumia huo wa pili kushika kifundo cha unaoandika. Sogeza mstari kwa mkono mzima badala ya vidole. Andika herufi kubwa kidogo, zilizotengana. Mwandiko wa kuunganisha hauna mahali pa kupumzika. Mwisho wa kila neno nyanyua kalamu.

Usiandike ukitoka kubeba jerikeni, kufua, au kusonga ugali wa watu wengi. Msuli uliochoka hutetemeka hata kwa mtu mzima wa afya. Vitabu vyangu naviandika kabla ya kushika chochote kizito.

Karatasi ya kaboni ndiyo mtihani, maana inataka ukandamize, na ukikandamiza mkono unacheza. Weka kibao kigumu chini ya kurasa, kaboni iwe mpya, na uandike kidogo iwezekanavyo. Sisi tulichonga mihuri ya mpira: wa tarehe wa kuzungusha, wa jina la chama, na wa neno IMEPOKELEWA. Kinachobaki kwa kalamu ni jina na kiasi. Kiasi ndicho cha kuogopa, maana tatu iliyotetemeka husomwa nane, na kati ya shilingi 30,000 na 80,000 kuna ugomvi wa mwaka mzima. Andika tarakimu, andika na maneno, na mweka hazina asome kwa sauti kabla mwanachama hajaondoka.

Kutazamwa pia kunachochea. Mtu akisimama juu ya bega langu mkono unashindwa kabisa, kwa hiyo mwanachama anakaa kwenye benchi pembeni. Nimewaambia wote waziwazi kwamba mikono hii ni ya kurithi, haiambukizi, wala haiharibu hesabu. Tangu hapo hawatazami vidole, wanatazama salio.

Sahihi, benki na simu

Benki moja iliwahi kunirudishia fomu ya kutoa pesa za chama kwa sababu sahihi haikufanana na ile ya zamani, na akina mama walikuwa wanangoja mikopo yao. Kama mkono wako umebadilika, usingoje hilo. Nenda na kitambulisho cha taifa, omba kubadilisha sahihi ya mfano, na uulize kama alama ya kidole gumba inaweza kuongezwa. Chagua sahihi fupi, herufi mbili na mstari, na uitie siku ambayo mkono uko katika hali yake ya kila siku. Ukiitia siku uliyomeza kidonge, itakuwa nzuri mno na hutaweza kuirudia. Kwa akaunti ya chama, waandikishe watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa.

Simu usiishike hewani. Ilaze mezani, kisigino cha kiganja kikae kando yake, ubonyeze kwa kidole kimoja, hasa unapoingiza namba ya siri ya pesa za simu, maana ukiikosea mara kadhaa inafungwa. Muhtasari wa vikao siku hizi nausema tu: kibodi za simu nyingi zina alama ya maikrofoni, unachagua Kiswahili, inaandika. Majina ya Kisamia inayaharibu, nayarekebisha baadaye.

Mtoto wa shule anayetetemeka asichapwe kwa mwandiko mbaya. Mpeleke apimwe, kisha zungumza na mwalimu mkuu mapema, kabla ya usajili wa mitihani kufungwa, kwa sababu UNEB, baraza la mitihani la taifa la Uganda, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada na shule ndiyo inayoomba. Barua ya daktari iambatishwe, na mtoto apewe muda huo huo kwenye majaribio ya darasani ili azoee kuutumia.